FRIEDRICH FROEBEL, MWANZILISHI WA SHULE ZA CHEKECHEA

Mara nyingi sisi wazazi tukimwona mtoto anacheza na udongo kutwa nzima, tunasema anapoteza wakati. Leo tunawaletea maisha ya mtu aliyeona tofauti.

Friedrich Froebel alizaliwa tarehe 21 Aprili 1782 katika kijiji cha Oberweißbach, Ujerumani. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri. Mama yake alifariki kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja. Alikua mpweke, mpaka mjomba wake alipomchukua akiwa na miaka 10. Alipokuwa kijana alijifunza kazi ya misitu, na mwaka 1805 akaanza ualimu mjini Frankfurt. Baadaye alikwenda Uswisi kujifunza kwa mwalimu Pestalozzi.

Mwaka 1837 alifungua mahali pa watoto wadogo huko Bad Blankenburg, na mwaka 1840 akapaita Kindergarten, maana yake bustani ya watoto. Mtoto ni mche aliouumba Mungu. Mwalimu ni mkulima anayeutunza, wala hauvuti kwa nguvu ili urefuke.

Vifaa vyake vilikuwa rahisi: mipira ya sufu, na vipande vya mti. Kimojawapo kilikuwa mchemraba uliogawanywa vipande 8 vidogo. Mtoto hujenga kiti, halafu nyumba, halafu daraja. Nyumba ikianguka, anaanza tena. Hapo anajifunza kuhesabu, kupima kwa macho, kufikiri na kuvumilia, kabla hajashika kalamu. Waliimba pia, na kila mtoto alikuwa na kitalu chake cha kupanda mbegu.

Lakini mwaka 1851 serikali ya Prussia ilipiga marufuku shule hizo, ikidai zinafundisha watoto kumkana Mungu. Jambo hilo lilimuumiza sana mtu huyu aliyetaka watoto wamjue Muumba. Alifariki tarehe 21 Juni 1852, marufuku ikiwa bado haijaondolewa. Iliondolewa mwaka 1860.

Je, kazi yake ilikufa? Hapana. Baada ya machafuko ya mwaka 1848, Wajerumani wengi walikimbia nchi yao, na baadhi yao waliichukua kazi hiyo ugenini. Bertha Ronge alifungua shule London mwaka 1851. Ndugu yake, Margarethe Schurz, alifungua nyingine nyumbani kwake Watertown, Marekani, mwaka 1856. Kwa hiyo chekechea ilivuka mipaka mikononi mwa wakimbizi.

Wazazi wapendwa, sisi nasi tuliacha mengi nyuma, lakini watoto tunao. Mtoto akitengeneza gari la waya au mpira wa matambara, tusimkemee. Likivunjika, tumwache alitengeneze tena, na tumuulize amelifanyaje. Tumpeleke chekechea, na jioni tumpe nafasi ya kucheza. Huo ndio mwanzo wa shule yake.