Jules-Émile Péan, munganga aliyeacha jina lake kwenye pensi

Katika vyumba vya upasuaji vya Bukavu, Goma ao Kalemie, munganga akiomba pensi ya Péan, hakuna anayeuliza huyo Péan ni nani. Anapewa kile chombo cha chuma chenye pete mbili za vidole kama mkasi, kinachobana bila kukata, na kazi inaendelea. Péan alikuwa mtu, Mfaransa, na alikufa mwaka 1898. Leo chombo chake kinashikwa hata na watu ambao hawajawahi kukanyaga chumba cha upasuaji: mafundi wa redio, wavuvi wa ndoano, washonaji wa nguo.

Jules-Émile Péan alizaliwa tarehe 29 Novemba 1830 huko Marboué, kijiji kilicho karibu na mji mdogo wa Châteaudun, Ufaransa. Alisomea uganga Paris, na mmoja wa walimu wake alikuwa Auguste Nélaton, mpasuaji mwenye sifa kubwa wakati ule. Wakati anaanza kazi, dawa ya kumlaza mgonjwa ilikuwa imekwisha kupatikana. Maumivu hayakuwa tena kizuizi cha kwanza. Kizuizi kilikuwa damu.

Tuelewe hali ilivyokuwa. Munganga akikata nyama, mishipa midogo kumi ao ishirini inafunguka kwa mara moja. Ili kuizuia, msaidizi alibonyeza kwa kidole, huku mpasuaji akiutafuta kila mshipa na kuufunga kwa uzi, mmoja mmoja. Vidole vya wasaidizi vilikwisha kabla ya mishipa kwisha. Mkononi ao mguuni mtu angeweza kufunga kamba kwa juu na kupunguza damu, lakini ndani ya tumbo hakuna mahali pa kufunga kamba. Ndiyo maana wapasuaji wengi wa Paris waliogopa tumbo kabisa.

Péan hakuogopa. Mwaka 1864 alifaulu kumtoa mwanamke uvimbe wa ovari, na mwaka 1867 akaondoa bandama iliyokuwa na uvimbe, mgonjwa akapona. Katika miaka ileile alikuwa akitumia pensi zenye kufuli na kuzirekebisha pamoja na watengenezaji wa vyombo vya chuma.

Siri ya pensi hiyo iko karibu na pete za vidole. Pale kuna meno madogo, mawili ao matatu, kila upande. Ukibana, meno ya huku yanapanda juu ya meno ya kule na kunasa. Mikono ya chuma inapinda kidogo, na kwa sababu chuma kinataka kurudi kilivyokuwa, kinaendelea kusukuma: nguvu ya mkono wako imebaki ndani ya chuma. Unaachilia vidole, pensi haiachilii. Ukitaka kuifungua, unaisukuma kidogo kwa ubavu tu. Basi mpasuaji angeweza kuweka pensi kumi, akaziacha zikining'inia kwenye kidonda, na mikono yake yote miwili ikabaki huru. Kila pensi ilifanya kazi ya msaidizi asiyechoka.

Je, ni yeye aliyeivumbua? Hapo kulikuwa na ugomvi mkubwa. Eugène Koeberlé, mpasuaji wa Strasbourg, alidai kwamba yeye ndiye aliyetangulia, na madai yake hayakuwa ya bure. Pensi zenye kufuli zilikuwa zikitengenezwa hata kabla yao. Kwa maoni yetu, sifa ya Péan ni kuifanya pensi iwe desturi ya kila upasuaji. Kitabu cha mwaka 1875 kilieleza njia yake, na kila juma watu walikuja kumtazama akifanya kazi katika hospitali ya Saint-Louis. London, Thomas Spencer Wells alitengeneza umbo lake mwenyewe. Ndiyo sababu hata leo, ukivuka mpaka kuingia Uganda, muuguzi aliyesomea kwa Kiingereza anaweza kukutajia jina la Spencer Wells kwa chombo kilekile tunachokiita Péan.

Alikuwa mtu wa kupenda kuonekana. Mchoraji Henri Gervex alimchora mwaka 1887 akiwaeleza wanafunzi wake namna ya kubana mishipa, amesimama kando ya mgonjwa na koti lake jeusi. Hakuna glavu, hakuna kitambaa cha mdomo. Toulouse-Lautrec, ambaye binamu yake alijifunza kwa Péan, alimchora pia, kitambaa cheupe shingoni kama mtu aliye mezani. Si kila alichojaribu kilifaulu: mwaka 1879 alikata sehemu ya tumbo la chakula yenye kansa, jambo lililokuwa jipya kabisa, na mgonjwa akafa siku chache baadaye. Mwaka 1893 alimwekea mwoka mikate mmoja bega la platini na mpira mgumu, lililotengenezwa na munganga wa meno. Miaka kama miwili baadaye likaondolewa kwa sababu ya uchafu wa kifua kikuu uliokuwa kwenye mfupa.

Pensi yenyewe iliendelea kubadilika mikononi mwa wengine. Theodor Kocher wa Uswisi alitia meno kwenye ncha ili isiteleze, na pensi yake inajulikana sana na wakunga wetu wanaobania kitovu cha mtoto. William Halsted wa Marekani alipendelea iliyo ndogo na nyembamba. Kisha ikatoka hospitalini.

Fundi wa redio aliona jambo ambalo Péan hakulifikiria. Akiunganisha waya kwa chuma cha moto, kipande kidogo cha elektroniki kinaweza kuungua. Akibana pensi katikati, chuma chake kinakunywa ule moto kabla haujafika, na wakati huohuo kinashika waya. Mvuvi wa ndoano aliona urefu: ncha nyembamba inaingia hadi kooni mwa samaki, inanasa ndoano, na vidole vinabaki salama. Mshonaji anaipitisha ndani ya mkanda mwembamba wa kitambaa, inauma ncha, anavuta, mkanda unageuka upande wa nje. Katika maabara inabana mipira ya kupitishia maji. Hakuna aliyehitaji kubadilisha ule mtambo mdogo wa meno. Walichogeuza ni ukubwa, ncha, na bei.

Kwenye bei ndipo pa kuangalia vizuri. Pensi ya hospitali ya leo ni ya chuma cha inox kinachovumilia kuchemshwa kwa mvuke mara nyingi, na kiungo chake kinasafishwa kwa brashi, kwa sababu damu hujificha pale. Ya sokoni inaweza kung'aa vilevile lakini ikashika kutu, ao meno yake yakaachia. Kwa fundi hilo ni hasara ya waya mmoja. Kwa mama anayevuja damu ni jambo lingine. Pensi iliyochakaa hospitalini inaweza kwenda kwa fundi. Iliyokwisha kuzunguka kwenye samaki na gundi isirudi kwenye kidonda, hata ikipigwa msasa.

Alipoacha hospitali za serikali, Péan alijenga ya kwake huko Paris, kwenye barabara ya rue de la Santé, kwa mali yake mwenyewe, na kuiita Hospitali ya Kimataifa. Aliifungua mwaka 1893 na kufanya kazi humo hadi karibu na mwisho wa maisha yake. Alifariki tarehe 30 Januari 1898, akiwa na miaka 67. Baadaye hospitali hiyo ilipewa jina lake.