Kidonda cha Camillus

Camillus de Lellis alizaliwa mwaka 1550 katika mji mdogo wa Bucchianico, nchi ya Italia. Baba yake alikuwa askari. Mama yake alikufa Camillus angali kijana mdogo. Akakua mrefu sana, mwenye nguvu nyingi na hasira nyingi. Akawa askari kama baba yake, na kambini akazoea kucheza kamari.

Siku zile alipata kidonda mguuni, nacho hakikupona. Mwaka 1571 akaenda Roma, katika hospitali ya San Giacomo, ili atibiwe. Humo akafanya kazi ya utumishi. Lakini alipenda karata kuliko kazi, akagombana na wenzake, akafukuzwa.

Akarudi vitani. Mwaka 1574, mjini Napoli, kamari ilimnyang'anya vyote, hata shati lake. Askari yule mrefu akawa mwombaji mlangoni pa kanisa huko Manfredonia, naye aliona haya sana. Watawa Wakapuchini waliokuwa wakijenga nyumba wakampa kazi. Mwezi wa pili 1575, mtawa mmoja alisema naye habari za Mungu. Kesho yake, akiwa peke yake njiani, Camillus alipiga magoti akalia kwa ajili ya maisha yake.

Sasa alitaka jambo moja tu: kuwa Mkapuchini. Wakampokea. Lakini kanzu ya utawa ilisugua kidonda, kikafunguka, wakamrudisha. Akatibiwa Roma, akajaribu tena. Kidonda kikafunguka mara ya pili, wakamrudisha tena. Mguu wake ulikuwa umemfungia njia aliyoitamani.

Basi, akabaki San Giacomo, hospitali ileile iliyomfukuza zamani. Humo watumishi wengi walifanya kazi kwa ajili ya mshahara tu, na wagonjwa walilala katika uchafu. Camillus aliyajua maumivu yao, maana yalikuwa katika mwili wake mwenyewe. Aliijua pia haya ya mtu aliyeanguka. Akawaosha, akawalisha, akawatandikia vitanda, kama mama anavyomtunza mtoto wake wa pekee akiugua.

Mwaka 1582 aliwaza kukusanya watu watakaotumikia wagonjwa kwa upendo, si kwa mshahara. Ili awe padri, alikwenda shule kujifunza Kilatini pamoja na watoto, naye alikuwa amepita miaka 30. Watoto walimcheka mtu yule mkubwa kwenye benchi lao. Akavumilia. Mwaka 1584 akapata upadri, na mwaka 1586 Papa Sixtus V alikubali shirika lake. Watu wake walivaa msalaba mwekundu kifuani.

Kidonda hakikupona kamwe. Uzeeni, miguu ilipomshinda, Camillus alitambaa toka kitanda hata kitanda kuwaangalia wagonjwa. Alikufa Roma tarehe 14 Julai 1614. Mwaka 1746 Kanisa lilimtangaza kuwa mtakatifu, naye ni msimamizi wa wagonjwa na wauguzi.

Kidonda kilichomzuia kuingia utawani ndicho kilichompeleka kwa wagonjwa. Aliyeonja uchungu hamcheki anayelia.

Maulizo
1. Kwa nini Camillus alifukuzwa San Giacomo?
2. Kwa nini Wakapuchini walimrudisha mara mbili?
3. Kidonda chake kilimfundisha nini?