Maisha ya Mtakatifu Yohane Bosco, Mlezi wa Wavulana kwa Nyimbo na Maigizo

Katika kitabu hiki cha Jubilei ya Jimbo letu, wasomaji wapenzi, mmekwisha kusoma habari za misioni, za makanisa yaliyojengwa, na za wale waliotutangulia katika imani. Sisi tumeombwa kuandika maneno machache juu ya nyimbo na michezo ya kuigiza katika shule za wavulana. Wengine hulihesabu jambo hili kuwa dogo. Mara nyingi tumewasikia wazazi, tena watu wema kabisa, wakiuliza kwa nini mtoto aliyelipiwa karo ashike tarumbeta badala ya kitabu, na kwa nini avikwe nguo za mfalme jukwaani hali mtihani u karibu. Swali lao si la kudharauliwa. Lakini badala ya kushindana nao kwa maneno, tumeona ni heri kuwasimulia maisha ya mtu mmoja ambaye swali hilo lilimsumbua hata yeye mwenyewe, akalijibu kwa kazi ya miaka mingi. Mtu huyo ni Mtakatifu Yohane Bosco.

Alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 katika kitongoji cha Becchi, karibu na Castelnuovo, upande wa kaskazini wa Italia. Wazazi wake walikuwa wakulima maskini. Kabla hajatimiza miaka miwili baba yake alifariki kwa ugonjwa wa mapafu, na mwaka ule ulikuwa wa njaa. Mama yake, Margherita, akabaki mjane mwenye watoto watatu wa kulea: Yohane, ndugu yake Giuseppe, na Antonio, mtoto wa mke wa kwanza wa marehemu. Mama huyu hakujua kusoma wala kuandika, bali alijua kulima, kusali, na kuadibu watoto pasipo hasira.

Yohane alipokuwa mtoto wa miaka kama kumi alipenda kwenda penye magulio ili kuwatazama wafanya kiinimacho na watembea kambani. Akirudi nyumbani alijizoeza, akaanguka, akajizoeza tena mpaka akaweza. Kisha siku za Jumapili alifunga kamba kati ya miti miwili, majirani wakakusanyika uwanjani. Lakini mchezo ule ulikuwa na kiingilio chake. Kwanza wote walisali rozari, wakaimba wimbo, wakayasikiliza mahubiri ya asubuhi, ambayo yeye aliyasimulia tena kwa moyo; ndipo alipopanda kambani. Asiyetaka kusali hakuwa na ruhusa ya kutazama.

Njia yake ya kwenda shule ilikuwa ngumu. Antonio hakupenda kumwona mtoto wa mkulima ameshika kitabu, na kwa ajili ya ugomvi huo Yohane alitoka nyumbani akawa mtumishi katika shamba la watu wengine tangu mwaka 1828 hata mwisho wa mwaka 1829. Hata mwaka 1831 akapata nafasi katika shule ya Castelnuovo, akakaa kwa fundi mmoja mshona nguo. Fundi huyo alipenda sana kuimba kanisani, na Yohane akajifunza kwake mambo mawili pamoja, sindano na sauti. Baadaye akaenda katika mji wa Chieri, akasoma huko miaka kumi, kwanza shuleni, kisha seminarini. Huko shuleni aliwakusanya wenzake katika Chama cha Furaha. Sheria zake zilikuwa chache: mwanachama asiseme wala kutenda lisilompasa Mkristo, atimize kazi zake za shule na za dini, na awe mchangamfu.

Sasa tufike penye jambo lile tulilolitaja. Alipokuwa mseminari alijua kupiga fidla. Siku moja wakati wa likizo alikuwapo kwenye karamu nyumbani kwa mjomba wake, na wageni wakamsihi awapigie. Alikataa kwanza, kisha akakubali. Baada ya kitambo alisikia vishindo vya miguu, akachungulia dirishani, akaona watu wanacheza dansi uani kwa kuifuata fidla yake. Akafadhaika sana, kwani yeye mwenyewe alikuwa akiwaonya watu juu ya ngoma za namna ile. Akarudi chumbani, akaichukua fidla yake, akaivunja vipande vipande, wala hakuipiga tena.

Msomaji, shika jambo hili moyoni. Mtu ambaye baadaye aliwapa maelfu ya wavulana vinanda na matarumbeta alianza kwa kukivunja chombo chake mwenyewe. Hatuwezi kumwambia kwamba hakuijua hatari ya muziki. Aliijua kabisa kuliko wengi wanaoilalamikia. Kwa hiyo tutafute ni kitu gani kilichomfanya airudie njia ile.

Alipewa upadre tarehe 5 Juni 1841 katika mji wa Torino. Mji ule ulikuwa ukijengwa upya, na wavulana wengi walishuka kutoka vijijini na milimani kutafuta kazi ya uashi, ya kuchukua mizigo, na ya kufagia masizi ya dohani. Walikuwa mbali na wazazi wao, na Jumapili hawakuwa na mahali pa kwenda ila njiani na vilabuni. Padre Bosco alipoingia magerezani alikuta vijana wa miaka kumi na miwili hata kumi na minane, wenye afya na akili, wanaozeeka kwa uvivu na chawa. Wengine walifunguliwa wakiwa na nia njema, kumbe baada ya siku chache walirudishwa mle mle. Akatambua sababu yake, kwamba huko nje hawakuwa na mtu hata mmoja wa kuwa rafiki yao. Moyo wake ukachomeka.

Tarehe 8 Desemba 1841, katika sakristia ya kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi, mtumishi wa kanisa alimpiga kijana mmoja mwashi kwa sababu hakujua kutumikia Misa. Padre akamwita kijana yule, akamwuliza kwa upole habari zake. Alikuwa yatima, hakujua kusoma wala kuandika. Husimuliwa kwamba mwishowe Padre alimwuliza kama anajua kupiga mluzi, na kijana yule akacheka. Kwa kicheko hicho fundisho la kwanza likaanza. Jumapili iliyofuata akarudi na wenzake, na kundi likakua.

Wavulana mia kadhaa hawawezi kukaa kimya. Walifukuzwa mahali pamoja na pengine, kwa kuwa majirani walichoka na kelele zao, na wakubwa wa mji waliogopa mikutano ya vijana. Hata marafiki wa Padre wakadhani ameingiwa na wazimu. Mwisho, siku ya Pasaka, tarehe 12 Aprili 1846, akapata banda bovu la kukodi huko Valdocco, nje ya mji. Mwezi wa Julai akaugua karibu na kufa. Waashi wale wadogo wakafunga na kusali kwa zamu kanisani, naye akapona. Mwezi wa Novemba mama yake akaacha shamba lake, akaja kuwa mama wa watoto wasio wake, akawapikia na kuwashonea hata alipofariki mwaka 1856.

Katika banda lile shule ya jioni ilikuwa na masomo ya kusoma, kuandika, hesabu na kuimba. Zamani zile makanisani Torino waliimba watu wazima. Padre Bosco akawakusanya watoto waliochafuka chokaa, akawaandikia noti ubaoni, akawafundisha wote kwa pamoja, na nyimbo nyingine alizitunga mwenyewe. Walipoimba kanisani watu walistaajabu, na waalimu wa muziki wa mjini wakaja kutazama anavyofundisha. Mwashi mdogo aliyezoea kutukanwa siku sita, siku ya saba alisikilizwa na watu. Tunaamini hiyo ndiyo sababu aliyoiona. Fidla ile aliivunja kwa sababu iliwachukua watu asikotaka waende, lakini sasa muziki uliwaleta watoto ambao hapakuwa na sauti nyingine ya kuwaita. Tangu hapo alifananisha nyumba ya vijana isiyo na muziki na mwili usio na roho.

Na maigizo nayo yalikuwa na kazi. Serikali ya Piemonte iliamuru kwamba tangu mwaka 1850 vipimo vya zamani viachwe, watu watumie mita, lita na kilo. Maskini wakahangaika, kwani asiyejua kipimo hudhulumiwa sokoni. Padre Bosco akaandika kitabu kidogo mwaka 1849, tena akatunga mazungumzo ya kuigiza, wavulana wakawa wanunuzi na wauzaji mbele ya watu. Watazamaji wakacheka, wakarudi makwao wamejifunza hesabu.

Hata hivyo hakuuacha mchezo ujiendee wenyewe. Mwaka 1858 aliandika sheria za jukwaa. Mchezo ufurahishe, uelimishe, na kufundisha wema. Usiwe mrefu wa kuwachosha watoto. Maneno machafu yasisikike kabisa. Na awepo mkubwa wa kuangalia yote. Hapo utaona mkono ule ule ulioivunja fidla bado unafanya kazi yake, ila sasa unalinda.

Wakati ule nyumba ya Valdocco ilikuwa imekua. Tangu mwaka 1853 zilifunguliwa karakana za viatu, nguo, vitabu na useremala, na kuanzia mwaka 1855 madarasa ya shule ya sekondari. Wakati wa likizo ya vuli Padre alitembea na wavulana wake vijiji kwa vijiji pamoja na bendi na vyombo vya jukwaa, wakaimba Misa mchana na kuigiza jioni.

Je, watoto waliolelewa kwa nyimbo walikuwa legelege? Mwaka 1854 kipindupindu kiliingia Torino, watu wakawakimbia hata jamaa zao. Padre Bosco akaomba wenye kujitolea, nao vijana wake wakaenda kuwaosha na kuwachukua wagonjwa, na yasemwa kwamba hata mmoja wao hakufa. Miongoni mwa watoto wa nyumba ile alikuwamo Giovanni Cagliero, aliyefika mwaka 1851, mtundu na mwenye kipaji cha muziki. Mtundu huyu akawa padre na mtunzi wa nyimbo. Kanisa la Maria Msaada wa Wakristo lilipotabarukiwa mwaka 1868, makundi matatu ya waimbaji yaliitikiana kwa wimbo wake. Mwaka 1875 akawaongoza wamisionari wa kwanza wa Wasalesiani kwenda Argentina, na baadaye akawa askofu, na mwisho kardinali.

Mwaka 1877 Padre Bosco aliandika kwa ufupi jinsi ya kulea vijana. Alitaka waachwe waruke, wakimbie na kupiga kelele wapendavyo, akahesabu muziki, maigizo na matembezi kuwa njia za kuleta adabu, wema na afya. Alifariki tarehe 31 Januari 1888. Papa Pio wa 11 alimtangaza kuwa Mtakatifu siku ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 1934. Wanawe walifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1911, na Tanzania na Kenya mwaka 1980.

Basi, wazazi wapenzi, mkimwona mtoto wenu ameshika tarumbeta, msiogope upesi. Ulizeni kwanza kama yupo mtu mzima anayesimama karibu naye, na kama wimbo ule unampeleka mahali pema. Na sisi tulio walimu, tusijifiche nyuma ya ngoma na jukwaa tukaacha kuwaangalia watoto, kwani Padre Bosco aliwapa wavulana wake nyimbo, lakini kwanza aliwapa muda wake, uwanja wake na mama yake. Mungu atujalie katika miaka ijayo ya Jimbo letu tuwalee hivyo watoto aliotukabidhi.