Griffin: Aliyeanza na vijana wa Manyani akaacha Starehe

Msafiri anayetoka Kambu, katika Kaunti ya Makueni, akiifuata barabara kuu ya Mombasa hupita Mtito Andei, akavuka Mto Tsavo, kisha akafika Manyani. Wengi hulijua jina hilo kwa sababu ya gereza. Wachache hukumbuka kwamba katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwazuilia hapo maelfu ya Waafrika walioshukiwa kuwa wafuasi wa Mau Mau, wakiwemo wavulana waliochanganywa na watu wazima.

Ni miongoni mwa wavulana hao ambapo Geoffrey William Griffin aliianza kazi ya maisha yake. Alizaliwa Eldoret mwaka 1933, akawa afisa wa jeshi wakati wa Hali ya Hatari, lakini vita vile vikamchukiza, akaacha bunduki na kushika malezi ya vijana.

Mwaka 1956 wavulana walitenganishwa na watu wazima, wakahamishiwa Wamumu, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Kirinyaga. Walisoma, wakafundishwa kazi za mikono, wakacheza kandanda. Hata hivyo, ukweli usifichwe: Wamumu ilikuwa kambi ya kizuizini, wengi wao hawakuwa wamehukumiwa na mahakama yoyote, na wakoloni waliitumia kujijengea sifa.

Lakini kijana akishafunguliwa lango, aende wapi? Asiye na karo, kazi wala mtu wa kumpokea hurudi mtaani, na mtaa humrudisha kwa polisi. Matendo ya Griffin baada ya Wamumu yalikuwa jibu la swali hilo. Mwaka 1959, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, ambaye mwenyewe aliwahi kuzuiliwa, alianzisha Starehe jijini Nairobi katika vibanda viwili vya mabati, ili kuwapokea watoto wa mitaani na mafukara. Vibanda hivyo vikakua vikawa mojawapo ya shule mashuhuri nchini. Mwaka 1964 aliasisi Huduma ya Vijana kwa Taifa, akaiongoza hadi 1988. Aliiongoza Starehe hadi alipofariki Juni 28, 2005, akiwa na umri wa miaka 72.

Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ilipandisha umri wa mtoto kuwajibikia jinai kutoka miaka 8 hadi 12, na kuruhusu kesi nyingi za watoto kutatuliwa nje ya mahakama. Ni hatua njema. Lakini sheria haimsubiri mtoto langoni. Anaporejea nyumbani, iwe Kambu au kwingineko, usalama wake na wa jirani zake hutegemea kama kuna darasa, ufundi na mtu mzima anayelijua jina lake. Griffin alilitenda hilo zaidi ya nusu karne kabla ya sheria hiyo kuandikwa.