Songea Mbano na Pango la Chandamali

Sisi wa Maposeni huenda Songea mara kwa mara. Tunakwenda sokoni na kwenye ofisi za mkoa. Je, umewahi kujiuliza jina la mji huo limetoka wapi? Songea ni jina la mtu. Soma habari zake hapa.

1. Nduna Songea

Songea Mbano alikuwa nduna wa Wangoni. Nduna ni mkuu wa vita na msaidizi wa mfalme. Mfalme wa Wangoni huitwa nkosi. Wakati ule Ungoni ilikuwa na falme mbili. Ufalme wa Njelu ulikuwa kusini, chini ya Nkosi Mputa Gama. Maposeni yetu imo katika nchi ya Njelu. Ufalme wa Mshope ulikuwa kaskazini, chini ya Nkosi Chabruma. Songea alikuwa nduna wa Njelu, tena mwenye nguvu kuliko wenzake.

Tuseme ukweli. Wakuu wa Wangoni walikuwa wakivamia majirani zao na kuchukua mateka. Kwa hiyo hawakupendwa na kila mtu. Lakini nao wakaja kutawaliwa.

2. Wajerumani wanajenga boma

Mwaka 1897 Wajerumani walifika Ungoni. Waliwaita wakuu wa Wangoni mkutanoni, wakawalazimisha kutii. Kisha wakajenga boma karibu na kijiji cha Nduna Songea. Boma hilo likapewa jina lake.

Baada ya hapo watu walitozwa kodi. Walifanyishwa kazi kwa nguvu. Wakuu walipoteza mamlaka yao. Watu wakakaa kimya, lakini mioyo yao iliuma.

3. Vita vya Maji Maji

Mwezi Julai 1905 vita vilianza Umatumbi, kule Kilwa. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewapa watu dawa ya maji. Waliamini kwamba risasi zitageuka kuwa maji. Dawa hiyo ikaletwa hadi Ungoni, na wakuu wengi wakaipokea. Mwezi Septemba misheni ya Peramiho, jirani zetu hapa, ilichomwa moto.

Tarehe 21 Oktoba 1905 Wajerumani walishambulia kambi ya Wangoni huko Namabengo. Walikuwa na bombomu, yaani bunduki inayotoa risasi mfululizo. Watu wengi walikufa. Wangoni wakajua kwamba maji hayazuii risasi. Hata hivyo, wengi hawakukubali kushindwa. Walibadili namna ya kupigana. Waliacha kukusanyika mahali pa wazi. Wakaingia porini na milimani.

4. Juu ya kilima

Ukiwa mjini Songea, uliza njia ya Chandamali. Huko kuna kilima chenye mawe makubwa na pango. Wazee husimulia kwamba wakati wa vita Nduna Songea alilitumia pango hilo kuwa maficho yake.

Fikiri, ndugu msomaji, kwa nini mtu achague mahali kama hapo. Aliye juu anamwona adui akitoka bomani. Anayepanda kilima anachoka, na mawe yanamkinga aliye juu. Tena boma liko karibu, na adui hadhani kwamba anayemtafuta yuko jirani yake.

Lakini kilima hakilimwi mahindi. Chakula kilikuwa chini, mashambani na maghalani. Wajerumani walilijua jambo hilo. Walichoma vijiji. Walichukua chakula na kuharibu mashamba. Mama na watoto wakakosa cha kula. Risasi haikuweza kulifikia kila pango, lakini njaa iliyafikia yote.

5. Kifo cha Songea

Wakuu wa Wangoni walikamatwa mmoja mmoja. Tarehe 27 Februari 1906 wengi wao walinyongwa siku moja hapo Songea. Nkosi Mputa alikuwa miongoni mwao. Walizikwa katika kaburi moja.

Siku hiyo Songea hakunyongwa. Wazee husimulia kwamba Wajerumani walitaka kumwacha hai awasaidie kutawala. Yeye akakataa kuishi wakati wenzake wamekufa. Baada ya siku chache naye akanyongwa. Kaburi lake liko peke yake. Inasimuliwa pia kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani.

6. Hata leo

Vita vilikwisha mwaka 1907. Njaa iliendelea kuua. Nchi nzima ya vita ilipoteza watu wengi sana, na wengi wao walikufa kwa njaa.

Mwaka 1980 makumbusho ya Maji Maji yalifunguliwa Songea. Kila mwaka tarehe 27 Februari watu hukusanyika huko kuwakumbuka mashujaa. Mwezi Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo. Alikutana na ukoo wa Songea Mbano na kuomba msamaha.

Ndugu msomaji, siku ukienda sokoni Songea, pita makumbusho. Sasa unajua kusoma. Yasome majina ya wazee hao mwenyewe, kisha uwasomee na watoto wako.

Maswali

1. Nduna ni nani?
2. Wangoni walibadilije namna ya kupigana baada ya Namabengo?
3. Kilima kilimsaidia Songea kwa njia gani? Kilishindwa kumsaidia kwa jambo gani?
4. Waulize wazee wa kijiji chako wanajua nini juu ya vita hivi. Andika sentensi tatu.