Bwana Parsons na Mtikisiko wa Chuma

Nilipokuwa mtoto wa chuoni, tukishafunga juzuu tulikuwa tukicheza pia uani. Pia iliyochongwa vibaya ilitetemeka, ikavuma, ikaanguka. Iliyochongwa vyema ilisimama ikatulia hata ukadhani imelala. Mchezo huo niliukumbuka niliposoma habari za marehemu Charles Parsons, mtu aliyepambana na mtikisiko karibu umri wake wote.

Alizaliwa London tarehe 13 Juni 1854, mwana wa mwisho wa Lordi Rosse, yule mtaalamu wa nyota wa Ireland aliyejenga darubini yenye kioo cha upana wa futi sita. Walimu walimfuata nyumbani. Baadaye alisoma Dublin, kisha Cambridge, alikomaliza hisabati mwaka 1877. Halafu, jambo ambalo wana wa mabwana hawakulizoea, akaenda Newcastle kujifunza kazi kiwandani miongoni mwa mafundi.

Mwaka 1884, huko Gateshead, alitengeneza tabaini yake ya mvuke. Mashine za kale zilikuwa na pistoni ya kwenda na kurudi. Yake ilipitisha mvuke katika safu nyingi za mapanga madogo, kila safu ikichukua sehemu ya nguvu, na shafti ikazunguka mara 18,000 kwa dakika.

Hapo ndipo penye kazi, msomaji. Hakuna shafti iliyo sawasawa kabisa. Uzito huzidi kidogo upande mmoja. Kasi ikifikia kiwango fulani, msukumo wa uzito ule hupatana na mtetemo wa asili wa chuma chenyewe, nao mtikisiko hukua mpaka mashine ivunjike. Fundi mwingine angezidi kukaza. Parsons alilegeza! Aliizungushia shafti pete nyembamba nyingi zilizobanwa kwa springi na kulowa mafuta, zikisuguana na kuumeza mtikisiko, ili shafti ijitafutie kitovu chake kama pia.

Mwaka 1889 alitengana na washirika wake, akapoteza haki za uvumbuzi wake. Alianza upya, akazipata tena baada ya miaka kadhaa.

Chombo chake Turbinia, kilichoshushwa majini mwaka 1894, kilimwaibisha kwanza. Rafadha ilizunguka kwa kasi mno, maji yakapasuka kuwa mapovu ya mvuke, nayo ikawa kama inakoroga hewa. Alijaribu rafadha ndogo katika tangi la maji moto hadi akayaona mapovu yale kwa macho. Akatia shafti tatu zenye rafadha tisa, na Juni 1897, mbele ya manowari zilizokusanyika Spithead kwa sherehe ya Malkia Victoria, Turbinia ikapita kwa kasi ipatayo noti 34.

Linalonifurahisha zaidi wengi hawalitaji. Mtu huyu aliyenyamazisha chuma aliifanya hewa iimbe. Katika Auxetophone yake, hewa ya pampu ilipita kwenye kilango kidogo kilichotetemeka pamoja na sindano ya gramafoni, kama ulimi wa zumari unavyoikatakata pumzi ya mpigaji, na sauti ikajaa ukumbi. Alikifunga hata kwenye fidla kubwa ya besi. Wanamuziki walikipinga, nami siwalaumu: ala moja ikivuma kama tano, wale wanne wengine watakula wapi?

Mwanawe wa pekee wa kiume aliuawa vitani mwaka 1918. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 11 Februari 1931, Kingston, Jamaica, ndani ya meli Duchess of Richmond, nayo iliendeshwa kwa tabaini.