Thomas Graham

Thomas Graham (Glasgow, Desemba 1805 – London, Septemba 1869) alikuwa mwanakemia kutoka Uskoti. Anahesabiwa kuwa mwanzilishi wa elimu ya koloidi, yaani michanganyiko kama gundi, ute wa yai na uji, ambamo chembe ndogo sana zimetawanyika ndani ya maji.

Maisha

Baba yake, mfanyabiashara mwenye uwezo, alitaka awe mchungaji wa Kanisa la Uskoti. Graham alipochagua kemia katika Chuo Kikuu cha Glasgow, baba alimkatia msaada wa fedha. Aliendelea na masomo Edinburgh akisaidiwa na mama na dada yake. Mwaka 1837 akawa profesa University College London, na mwaka 1841 rais wa kwanza wa Chama cha Kemia cha London. Tangu 1855 hadi kifo chake alisimamia kiwanda cha sarafu cha serikali, cheo alichowahi kushika Isaac Newton.

Kazi

Wanafunzi wa sekondari humjua kwa kanuni ya Graham: gesi nyepesi husambaa haraka kuliko nzito, kwa kasi iliyo kinyume cha kipeuo cha pili cha densiti yake.

Kazi yake kubwa zaidi pengine ni ile ya 1861. Aliweka myeyusho ndani ya chombo chenye kitako cha karatasi ya ngozi, akakieleza juu ya maji. Chumvi na sukari zilipenya. Wanga, jelatini na protini ya yai zilibaki. Vilivyobaki aliviita koloidi, kutokana na neno la Kigiriki la gundi, na njia yenyewe akaiita dialisisi. Kwa njia hiyo alitenga urea kutoka kwenye mkojo. Mashine za kusafisha damu za wagonjwa wa figo, zinazotumika leo hata Muhimbili, Dar es Salaam, hufuata kanuni hiyohiyo. Ya kwanza iliyofaa kwa binadamu ilitengenezwa na Willem Kolff nchini Uholanzi wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Mwaka huohuo alichapisha vipimo vya muda ambao vimiminika hutumia kupita katika vijibomba vyembamba. Spiriti iliyochanganywa na maji hutiririka polepole kuliko spiriti peke yake au maji peke yake.

Graham alidhani koloidi ni aina ya pekee ya maada. Hapo alikosea: kinachoamua ni ukubwa wa chembe. Hata hivyo swali la kwa nini koloidi nzito hazitiririki limebaki na uzito jikoni. Wanga ukipikwa huvimba na kushika maji, hivyo uji wenye unga wa kutosha kumshibisha mtoto huwa mzito mno kumezwa, na ukiongezwa maji hupungua nguvu. Miaka ya 1980 watafiti wa lishe nchini Tanzania walichunguza unga wa kimea: vimeng'enya vyake hukata minyororo ya wanga, na uji mzito hulegea bila kuongezwa maji.